Kesha Ijumaa, beti Jumamosi

SWALI

Bwana asifiwe mama. Mimi ni kijana wa miaka 27, niko hapa Busia upande wa Uganda, nafanya kazi ya mobaili mani kwenye duka la shangazi yangu. Niliokoka mwaka juzi na Mungu ni shahidi nilimaanisha. Pombe niliacha siku ileile wala sijaikumbuka tena, lakini beti mama, beti imenishinda. Ijumaa niko kesha naomba mpaka sauti inakauka, naahidi Mungu sirudi tena, alafu Jumamosi mechi za Uingereza zikianza mkono unaenda kwenye simu wenyewe kama si wangu. Mwezi uliopita nilichukua floti ya shangazi, zile pesa za kuendeshea mobaili mani, shilingi 180,000 nikasema jioni nitarudisha, timu moja tu ikaniangusha. Nimerudisha 60,000, hiyo ingine hajajua bado. Pasta ananiambia acha kutumia nguvu zako, tegemea nguvu za Mungu. Nasema amina, lakini nikifika nyumbani najiuliza ivi kutegemea ndio kufanyaje? Nimeziomba hizo nguvu sizioni zikija. Au wokovu wangu haukushika?

Kijana wa Busia

JIBU

Bwana asifiwe sana mwanangu. Nianze na hilo la mwisho maana naona ndilo linakunyima usingizi. Wokovu ulishika. Mtu ambaye haukushika hateseki hivi, anabeti analala.

Pasta wako hakukosea, ila amekupa jembe bila mpini akakwambia kalime. Nikisoma unavyoeleza naona ukisema nguvu za Mungu unawaza kitu kama chaji ya simu, kwamba Ijumaa usiku unachajiwa mpaka inajaa, alafu Jumamosi unaingia kibanda cha mpira, simu mkononi, floti ya shangazi mfukoni, unakaa katikati ya wenzako wanaochagua timu na wewe hutikisiki. Hizo ndizo unaziomba na ndio maana huzioni, sijui ni wapi Mungu aliahidi hizo.

Fungua 1 Wakorintho 10. Mstari wa 13 wengi tunaujua kwa kichwa, kwamba Mungu hataacha tujaribiwe kupita tunavyoweza, na wengi tunakatia hapo tunasema amina. Endelea kidogo. Paulo anasema pamoja na lile jaribu atafanya na "mlango wa kutokea". Mlango mwanangu unapitwa na miguu, haukufuati ulipokaa. Na mstari wa 12 unaotangulia, huo hatupendi kuuhubiri, unamwambia anayejidhania amesimama aangalie asianguke.

Mwangalie Petro. Luka 22, usiku ule anamwambia Yesu yuko tayari kwenda naye gerezani hata kufa, na mimi naamini alimaanisha, vile wewe unamaanisha kwenye kesha. Kabla jogoo hajawika ameshamkana mara tatu. Lakini hakuanguka ghafla. Aliambiwa aombe asije akaingia majaribuni, akalala. Bwana alipokamatwa akafuata kwa mbali. Alafu akaingia uani akakaa kwenye moto pamoja na watu wa upande ule, anaota moto kama mwenzao, mpaka akaja kijakazi mmoja, wala hakuwa askari, akasema tu huyu naye alikuwa pamoja naye, basi Petro kwisha. Moto wako ni kile kibanda cha mpira. Na kuna kitu kwenye hiyo sura kinanipa moyo kila nikiisoma, kwamba Yesu alijua hayo yote mapema na bado akamwambia nimekuombea imani yako isitindike. Alimuombea kabla hajaanguka.

Nikuambie na langu. Miaka ile nauza mukene, wale dagaa wadogo, sokoni nilikuwa na mkebe wa kupimia niliougonga kitako kikaingia ndani, kila mteja anakosa kama kiganja kizima na hajui. Na kwaya naimba! Kila asubuhi napiga magoti, Bwana nipe nguvu leo nisiibie watu, namaliza amina, nabeba mkebe uleule naenda nao sokoni. Banange, naomba nguvu na kifaa cha kuibia kiko kwenye kikapu. Siku Mungu aliponisaidia sikusikia joto wala kutetemeka, nilipata tu ujasiri wa kumwambia dada wa meza ya jirani, huu mkebe wangu ni wa wizi, uponde nikiona. Akauponda na jiwe. Ningeachiwa mwenyewe ningenyoosha kitako jioni na kesho nikakigonga tena, najijua.

Hiyo ya kumwambia mtu sikuibuni mimi. Wazee wetu wa uamsho, ule uliowaka Gahini kule Rwanda ukasambaa huku Uganda miaka ya 1930, waliita kutembea nuruni, mtu anasimama mbele ya ndugu anataja dhambi kwa jina lake. Siku hizi tumebaki na nyimbo zao, hiyo ya kutaja tumeiacha maana inauma, tunasema "niombeeni nina changamoto" tunakaa chini.

Kwa hiyo wiki hii ndugu mmoja wa selo, kile kikundi chenu kidogo cha maombi, ajue ni beti, sio changamoto. Laini unayobetia akae nayo yeye. Sheria haitakuzuia, ile ya Uganda ya 2016 ya michezo ya kubahatisha inakataza walio chini ya miaka 25 na wewe umepita, duka la beti litakukaribisha na kiti. Jumamosi mechi zikianza uwe mahali ambapo kuondoka ni kazi, shamba, hospitali kwa mgonjwa, popote mbali na hicho kibanda. Omba ukiwa bado mzima asubuhi, kifupi tu, Bwana siwezi hii nishike, usingoje mpaka tamaa imeshaamka. Na ikiamka usibishane nayo. Yusufu siku mke wa Potifa alipomshika nguo hakukaa kumhubiria, aliacha nguo akakimbia, na ni yeye aliyekuwa ameshakataa siku nyingi bila shida.

Najua utasema haya ni mambo ya kawaida, Mungu yuko wapi hapo. Haya, nenda kamwambie shangazi kuhusu zile 120,000 zilizobaki, ndio utajua kama hizo ni nguvu zako.

Tena mwambie kabla hajafunga hesabu za mwezi. Anaweza kulia, anaweza kukutoa dukani, hilo sikufichi, na akikutoa usimtangaze kanisani kwamba hana upendo, ni sente zake. Usimtume Pasta. Nenda mwenyewe, uwe na chochote mkononi hata elfu ishirini, na umuombe akutoe kwenye floti wewe mwenyewe, ufanye kazi ingine hapo dukani kwa muda. Alafu niandikie. Hata kama Jumamosi imekuangusha tena, andika.