Wasomi wa Uingereza na mizuka: maswali yenu

Uliandika kwamba wanasayansi wa karne ya 17 waliitetea mizuka. Wanasayansi kweli?

Kweli kabisa. Joseph Glanvill alikuwa kasisi na pia mwanachama wa Royal Society, chama cha wanasayansi cha London. Mwaka 1661 mwenye ardhi mmoja, John Mompesson wa kijiji cha Tedworth, alimnyang'anya ngoma mzururaji mmoja, William Drury. Tangu hapo nyumba ya Mompesson ikawa haina usingizi: ngoma inalia usiku, vitanda vya watoto vinatikisika. Glanvill akafunga safari. Akasikia mkwaruzo nyuma ya mto wa watoto, akapenyeza mkono, akapekua chumba, asione kitu. Ninamheshimu kwa hilo. Alikwenda kutazama mwenyewe na kuwahoji mashahidi, jinsi wenzake walivyochunguza hewa na nyota.

Kanisa lao halikukataza imani hiyo?

Lilikataza nusu. Waprotestanti walikwisha kuikana toharani, mahali pa kusafishwa roho kabla ya mbinguni, kwa hiyo marehemu yuko mbinguni au motoni, na hana ruhusa ya kurudi. Anayekutokea usiku basi ni shetani aliyevaa sura ya babako, au macho yako yamekudanganya.

Nani alikana waziwazi?

Reginald Scot wa Kent, mwaka 1584: alisema hofu hii tunapandikizwa utotoni na wayaya. Mwanafalsafa Thomas Hobbes, 1651, alisema wengi huota wakiwa wamesinzia kitini, wakiamka wanaapa wameona.

Kwa nini basi wasomi wengine waling'ang'ania?

Kwa kumwogopa Hobbes huyo huyo. Glanvill na rafiki yake Henry More, mwanafalsafa wa Chuo Kikuu cha Cambridge, waliona hatari: leo umekana mizuka, kesho utakana roho, keshokutwa Mungu. Wengi huwacheka watu hawa. Mimi naona walikuwa wakipigania jambo zito kwa silaha waliyokuwa nayo, yaani ushahidi.

Kuna kisa unachokipenda?

Cha John Aubrey, mwanachama mwingine wa Royal Society. Aliandika kwamba mwaka 1670, karibu na Cirencester, mzuka ulitokea ukaulizwa: wewe ni roho njema au mbaya? Ndilo swali lile lile la Waprotestanti. Haukujibu. Ulitoweka, ukaacha harufu ya manukato na mlio mtamu.