Ukitaka Kuwa Mhandisi wa Udongo, Subiri Mvua

Wiki iliyopita kijana mmoja aliniandikia: "Kaka, nimemaliza digrii ya ujenzi, nataka kazi za reli ya mwendokasi. Nianze na programu ipi?" Nilikuwa ndani ya treni naelekea Dodoma. Nikacheka mpaka abiria wa pembeni akanitazama.

Mdogo wangu, anza na koleo.

Mimi nilianza na kompyuta. Barabara moja ya kanda ya kati, kampuni siitaji, nikatumwa kuchimba mashimo ya majaribio kwenye udongo wa mbuga, ule mweusi. Ilikuwa Septemba, ardhi imekauka, nyufa zinameza kiganja. Niliishia mita moja na nusu, nikasingizia vibarua wamechoka, kumbe jua lilinishinda mimi. Ripoti nikaipamba kwa grafu za rangi. Mzee wa maabara, fundi sanifu asiye na digrii, akaniambia: "Mhandisi, huu udongo hujauona bado. Ngoja Januari." Nikampuuza.

Januari mbuga ikanywa maji, ikafura. Tuta la majaribio, ule udongo ulioinuliwa kubeba barabara, likainuka upande mmoja. Mvua zilipokata likashuka na ufa wa kulipasua katikati. Kikaoni bosi alilisoma jina langu kwa sauti, mara mbili. Moja ingetosha.

Na hiyo ilikuwa barabara. Treni hii ya kwetu imesanifiwa kwa kilomita 160 kwa saa. China, kwenye reli zinazolazwa juu ya zege, tuta linaruhusiwa kushuka milimita 15 tu baada ya ujenzi. Ndiyo maana njia ya Beijing–Shanghai, iliyofunguliwa 2011, sehemu kubwa imepanda juu ya nguzo. Daraja la Danyang–Kunshan pekee lina kilomita 164, kwenye udongo laini wa bonde la Yangtze.

Kwenye mradi uliofuata nikapendekeza kuchanganya mbuga na chokaa, badala ya kuizoa yote na kusomba kifusi kutoka mbali. Mhandisi mshauri akakataa, akakataa tena. Mara ya tatu nikaingia ofisini kwake na vikombe viwili vya maji, nikatumbukiza donge kila kimoja. Donge tupu likawa uji. Lenye chokaa likabaki donge. Akasaini. Kipande kile kimepita masika mawili bila ufa, na ndiyo, naringa.

Kwa hiyo vijana, acheni kukusanya vyeti vya programu! Chimbeni. Chimbeni tena mvua zikinyesha. Na mafundi sanifu muwaamkie, si kuwatuma chai.

Kijana, Januari nina mashimo kumi na mawili. Nauli juu yako, koleo ninalo.