Mtoto Anaharisha Wiki ya Tatu: Je, Ni Minyoo?

SWALI: Daktari, mwanangu ana miezi tisa na hii ni wiki ya tatu anaharisha. Alipewa antibiotiki asipate nafuu, na kipimo cha choo hakikuonyesha kitu. Mama mkwe ananishauri nimpe dawa ya minyoo. Je, nifuate ushauri huo?

JIBU: Pole sana, mama. Dawa hiyo usimpe, kwa kuwa ni nadra minyoo kumharisha mtoto wa umri huo, na kwa kawaida hutolewa baada ya mtoto kutimiza mwaka mmoja. Vimelea ninavyovishuku ni vidogo mno kuonekana kwa macho: giardia, ambayo hulijaza tumbo gesi na kukifanya choo kiwe na mafuta na harufu kali, na kriptosporidiamu, ambayo utafiti mkubwa uliofanyika katika nchi saba za Afrika na Asia na kuchapishwa mwaka 2013 uliikuta ikizidiwa na virusi vya rota pekee katika kuwaharisha vibaya watoto wasiotimiza mwaka mmoja.

Kipimo kimoja kisichoonyesha kitu hakitoshi kuviondoa katika orodha ya washukiwa. Vimelea hivi havitoki na choo kila siku, na kriptosporidiamu ni vigumu kuiona kwa hadubini bila kutumia rangi maalumu. Omba choo kipimwe mara tatu kwa siku tofauti, na utaje kwamba kriptosporidiamu nayo itafutwe, kwani maabara nyingi haziitafuti zisipoombwa. Tiba ya giardia ipo, lakini isubiri majibu.

Ninalokusihi zaidi ni kutompunguzia chakula, kosa ambalo wazazi wengi hulifanya kwa nia njema. Mnyonyeshe kila anapotaka, mpe ORS kila baada ya kuharisha, na zinki miligramu 20 kwa siku, kwa siku 10 hadi 14. Kuharisha kulikopita siku 14 kunahitaji uchunguzi hospitalini, kwa hiyo mpeleke wiki hii. Akitoa damu, akilegea, macho yakididimia au akishindwa kunyonya, mpeleke saa hiyo hiyo.

Maji yake yachemshwe mpaka yatokote kwa dakika moja, kwa sababu klorini ya kawaida haiui kriptosporidiamu. Vitakasa mikono navyo haviiui. Kila umalizapo kumbadilisha nepi, nawa kwa sabuni na maji yanayotiririka.