Jibu: Mbunge aliahidi barabara, tumdai nini?

Mkuu, umeuliza kama mbunge wenu anawajibika kuijenga ile barabara ya kata aliyoahidi kwenye kampeni. Hapana, hana fungu hilo. Barabara za vijijini na mijini ni za TARURA, wakala wa serikali wa barabara hizo. Barabara kuu na za mikoa ni za wakala mwingine, TANROADS. Ibara ya 63 ya Katiba ya Tanzania inalikabidhi Bunge kazi ya kuisimamia na kuishauri Serikali.

Kwa hiyo mbaneni hapa: kikao cha bajeti Dodoma, Aprili hadi Juni, TAMISEMI (Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa, wenye TARURA chini yao) walipoleta makadirio yao, aliisemea barabara yenu? Aliuliza hata swali moja? Hansard, yaani kumbukumbu za yaliyosemwa bungeni, ipo kwenye tovuti ya Bunge, someni wenyewe. Na msisahau kwamba ni mjumbe wa baraza la madiwani pia (wengi wao vikao hivyo huwaoni!).

Mfuko wa Jimbo upo kwa sheria ya 2009, na yeye ndiye mwenyekiti wa kamati yake. Lakini hizo ni hela za mabati, madawati, pengine kisima. Lami haitoki humo. Orodha ya miradi ulizieni kwa mkurugenzi wa halmashauri.