Hilux yako: usikimbilie 285

Mkuu, umeuliza kama Hilux yenye tairi za 265/65R17 (upana milimita 265, ubavu asilimia 65 ya upana, rimu inchi 17) ivalishwe 285/70R17 kwa safari za shamba. Mimi ningeishia 265/70R17. Gari linanyanyuka milimita 13 hivi, basi. Hiyo 285 ni ndefu zaidi kwa asilimia 7: ukikata kona hadi mwisho inaweza kukwaruza madigadi, na mshale wa spidi utasoma 100 huku unakwenda 107.

Kashata (meno ya tairi)? Kama nusu ya njia ni lami, chukua A/T (tairi za njia zote). M/T ni za tope zito, na kwenye lami zinavuma kama mashine ya kusaga. Ila udongo mweusi ukiloa hujaza kashata za A/T, tairi likabaki kipara.

Kabla ya kulipa, fundi afunge moja mbele, akate usukani pande zote.