Jibu: Deraya ya dinosaria ilikuwa mfupa mtupu?
Ndugu, umeuliza kama deraya ya dinosaria wala majani ilikuwa mfupa mtupu. Hapana. Mfupa ulikuwa wa ndani, umeota kwenye ngozi yenyewe. Juu yake ulivikwa ala ya keratini, kitu kilekile cha kucha zako na pembe ya ng'ombe. Ala huoza upesi, ndiyo maana kwa kawaida tunabaki na mfupa tu.

Lakini mtafute Borealopelta, dinosaria mmoja mwenye deraya, aliyefukuliwa mwaka 2011 mgodini Alberta, Kanada. Kwake ala bado imo! Tazama picha za shingo: magamba safu kwa safu, na mwiba mkubwa begani. Fundi Mark Mitchell alimchokoa mwambani kwa takriban saa 7,000, akapewa heshima yake: spishi ikaitwa kwa jina lake, Borealopelta markmitchelli.