Huyo ndege wa alfajiri Kileleshwa ni robini-chati, lakini cheki mkia kwanza

Umeuliza ni ndege gani huyo anakuimbia hapo kwako Kileleshwa, umesema anaanza kuimba saa kumi na moja kabla kupambazuke, kifua cha rangi ya machungwa, nyusi nyeupe, na ile apu ya Merlin, ya kutambua ndege kwa sauti, inakuletea ndege tofauti kila siku. Sasa hiyo ya apu kubadilisha majina ndiyo imenifanya nimshuku robini-chati wa Rüppell, juu huyo jamaa ni mwizi wa sauti, anachukua wimbo wa huyu anaunganisha na wa yule, nimeshamsikia msitu wa Karura akipiga zile sauti tatu zinazoshuka za ndege wa mvua (yule kekeo mwenye kifua chekundu), unainua kichwa kumtafuta juu ya mti kumbe mwenyewe yuko chini kwa kichaka hata hatua kumi haziko. Kwa hivyo masikio yako na simu zote ziweke kando.

Angalia mkia. Hapa Nairobi wako watatu wanaofanana. Wa Rüppell ana manyoya ya katikati ya mkia meusi na ya pembeni machungwa, na mgongo wake umekolea. Yule anayeitwa wa nyusi nyeupe, ingawa wote watatu wanazo (jina la kisayansi heuglini), ni mkubwa kidogo na katikati ya mkia ni kahawia ya kizeituni, si nyeusi. Wa Cape ni rahisi, machungwa inaishia kifuani, tumbo ni kijivu. Ukiona kitu kina madoadoa na hakina nyusi usianze kutafuta jina jipya, huyo ni mtoto wao tu.

Kumwona sasa ndiyo kazi bana. Hapendi jua kali. Anakula chini, wadudu na matunda yaliyoanguka, anatoka kivulini anaruka-ruka kwa majani makavu, anadona, anarudi. Ukimfuata unampoteza, tafuta mahali kichaka kinapakana na nyasi ukae kimya asubuhi mapema ama jioni giza likianza kuingia, atatoka mwenyewe.

Na huyo ndege wa mvua wanajuana vibaya, anatagia mayai yake kwa viota vya hawa marobini, so msimu wa mvua ukiona robini analisha kinda kubwa kumshinda yeye, usishangae.

Kitu kimoja tu nakuomba, hiyo uliyosema ya kumchezea rekodi ya wimbo wake kwa spika ndio aje, acha. Anadhani mwenzake ameingia shamba lake, anaacha kula anakuja kupigana na kitu hakipo, na kama kuna mayai yanaweza kuachwa yapoe. Afadhali Jumatano asubuhi uende Makumbusho ya Nairobi ujiunge na matembezi ya kuangalia ndege ya Nature Kenya, kile chama cha wapenda mazingira, kuna wazee pale wanamtambua kabla hujatoa darubini kwa begi. Ama tupia picha ya mkia hapa, hata ikitoka na ukungu tutaona kama katikati ni nyeusi.